Maswali na Majibu: Mwendo Kasi Hununuliwa Ardhini

Tangu treni za SGR zianze kufika Dodoma mwaka 2024, na tangu hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya Dar es Salaam hadi Zambia, isainiwe Beijing Septemba mwaka huohuo, wasomaji wetu wa Mbeya, Njombe, Iringa na Songwe wamekuwa wakituandikia kuuliza Asia ilifikaje ilipofika. Tumechagua barua saba. Baadhi tumezifupisha.

Nimesoma kwamba reli za Japani zina upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Mbona wao wanakimbia kilomita 300 kwa saa na sisi hapa tunajikongoja? Haiwezekani tukanunua treni ya mchongoko, ile ya umeme ya SGR, tukaiweka kwenye TAZARA? — Msomaji, Iyunga, Mbeya

Ulichosoma ni kweli kwa reli zao za zamani. Lakini Shinkansen, treni yao ya kasi, haipiti kwenye reli hizo. Wajapani walianza kujenga njia mpya kabisa mwaka 1959, yenye upana wa milimita 1,435 kama SGR yetu, na wakaifungua tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Ilitoka Tokyo hadi Shin-Osaka, kilomita 515, kwa mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa.

Upana wa reli ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Kubwa ni kona. Treni ikiingia kwenye kona, mwili wako unasukumwa upande wa nje, na msukumo huo hukua kwa mraba wa mwendo. Kona ileile unayoipita kwa kilomita 60 kwa saa, ukiipita kwa 120 msukumo unakuwa mara nne; kwa 180, mara tisa. Aliyewahi kusimama ndani ya basi linaloshuka Kitonga anaelewa bila kuchorewa. Mafundi hupunguza msukumo huo kwa kuinua reli ya nje iwe juu kuliko ya ndani. Kwenye njia ya Tokyo–Osaka tofauti hiyo hufika milimita 200, na hapo ni mwisho, kwa sababu treni ikilazimika kusimama kwenye kona abiria watajikuta wameegemea upande mmoja.

Kinachobaki ni kuinyoosha kona yenyewe. Mwaka 1964 kona kali kabisa za njia hiyo zilipewa nusu kipenyo cha mita 2,500 (nusu kipenyo kikiwa kikubwa, kona inakaribia kunyooka). Njia iliyofuata, iliyofika Okayama mwaka 1972, ilipewa mita 4,000. China, kwa mwendo wa kilomita 350, inatumia mita 7,000 kwa kawaida. Mpaka leo treni za Tokyo–Osaka zinalazimika kujiinamisha nyuzi 1 kwenye kona hizo za mita 2,500 ili zisipoteze mwendo. Uamuzi wa wapimaji wa mwaka 1959 bado unawabana wajukuu wao.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Mlimba kwenda Makambako, TAZARA inapanda kutoka bonde la Kilombero zaidi ya mita 1,000, na inapanda kwa kuzunguka milima. Kilele chake kiko Uyole, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Mchongoko ukiwekwa pale utakwenda kwa mwendo uleule wa kona zile. Tena hautaondoka hata stesheni, maana unatumia umeme wa kilovolti 25 kutoka nyaya za juu, na TAZARA ni ya dizeli.

Asia ina mifano miwili iliyo karibu na hali yetu. Wa kwanza ni Yamagata, Japani: mwaka 1992 waliipanua njia ya zamani kutoka milimita 1,067 hadi 1,435 ili treni za Tokyo zifike bila abiria kubadilisha. Ilisaidia sana, lakini kwenye kipande kile treni haizidi kilomita 130 kwa saa, kwa sababu kona na makutano ya barabara yalibaki palepale. Mfano wa pili ni Laos, nchi ya milima kama hii yetu. Reli yao ya kutoka mpaka wa China hadi Vientiane, kilomita zaidi ya 400, ilifunguliwa tarehe 3 Desemba 2021. Mwendo wake ni kilomita 160 kwa saa, sawa na SGR yetu, na ili kuupata walichimba mahandaki 75. Karibu nusu ya safari nzima abiria yuko ndani ya mlima.

Kwa hiyo anayeahidi kilomita 160 kati ya Mlimba na Makambako anaahidi mahandaki, na ndiyo ya kumuuliza kwanza. Kwa maoni yetu, TAZARA iliyokarabatiwa ikakimbia mwendo wake wa usanifu kila siku, bila kukwama, ina faida kubwa kwa mkulima wa viazi kuliko mchongoko unaotembea polepole.

Treni ya SGR haitoi ule mlio wa "tak-tak, tak-tak". Je, reli yake haina maungio? Na jua likiwaka reli haitanuki? — Fundi, Makambako

Mlio ule ni wa gurudumu kugonga nafasi ndogo kati ya vipande vya reli vilivyofungwa kwa vyuma na bolti. Kwenye njia za kisasa vipande vimechomelewa. China hutoa kiwandani reli zenye urefu wa mita 100, huzichomelea karakana ziwe mita 500, huzisafirisha zikiwa zimelala juu ya mabehewa mengi yaliyoungana, kisha huziunga tena zikishawekwa njiani.

Swali lako la jua ndilo zito. Reli ya kilomita 1 ikiachwa huru, joto likiongezeka nyuzi 30 itarefuka kwa karibu sentimita 35. Kwenye njia iliyochomelewa haiachwi huru: imebanwa kwenye mataruma (mihimili inayolala chini ya reli), mataruma yamebanwa na kokoto, kwa hiyo ile nguvu ya kurefuka inabaki ndani ya chuma. Kwa reli ya kilo 60 kwa mita, nyuzi 30 ni msukumo wa tani zaidi ya 50 katika kila reli. Ndiyo maana huifunga ikiwa kwenye joto lililochaguliwa, la katikati ya baridi kali na jua kali la mahali hapo. Wakiifunga asubuhi ya Julai ya Makambako bila kuivuta au kuipasha, Oktoba mchana itapinda kama nyoka. Wakiifunga kwenye joto kupita kiasi, usiku wa baridi itavutika hadi ikatike, mara nyingi palepale ilipochomelewa.

Inapopinda huanzia mahali penye kokoto chache. Wanaozoa kokoto za reli kwenda kumwaga zege la nyumba wajue kwamba kokoto za pembeni ya taruma ndizo zinazozuia njia isihame kando. Ndoo chache katika eneo moja zinatosha kuleta balaa.

Kwa treni za kilomita 300 na zaidi, China na Japani hutumia sana vibao vya zege badala ya kokoto, na mahali penye udongo laini China huinua njia nzima juu ya nguzo. Zaidi ya asilimia 80 ya reli ya Beijing–Shanghai iko darajani, kwenye maboksi ya zege ya urefu wa mita 32 yenye uzito wa takriban tani 900 kila moja. Tuta la udongo likititia sentimita chache, treni ya kasi itarushwa. Nguzo iliyofika kwenye mwamba haititii.

Shikamooni. Mimi ni mfugaji. Treni ya kasi hiyo ikimkuta ng'ombe relini inakuwaje? — Mzee wa Chimala, Mbarali

Marahaba, Mzee wetu, ingawa heshima ni yako. India wamelijibu swali hili kwa gharama. Treni zao za Vande Bharat, zilizoanza mwaka 2019 kwa mwendo wa hadi kilomita 160, ziliwekwa kwenye njia za zamani zisizo na uzio. Tarehe 6 Oktoba 2022, treni iliyozinduliwa wiki moja tu nyuma kati ya Mumbai na Gandhinagar iligonga nyati wa kufugwa, pua yake ikavunjika. Kesho yake ikagonga ng'ombe. Pua ile imetengenezwa ivunjike na kubadilishwa, kwa hiyo safari ziliendelea, lakini baada ya hapo wakaanza kujenga uzio kando ya njia.

Hesabu iko hivi. Breki zikipunguza mwendo mita 1 kwa sekunde kila sekunde, treni ya kilomita 160 kwa saa inahitaji karibu kilomita 1 kusimama. Ya kilomita 300 inahitaji karibu 3.5. Dereva akimwona ng'ombe kwa macho, ameshachelewa. Kwa sababu hiyo njia za kasi za Japani na China huzungushiwa uzio, hazina makutano na barabara, na mifugo na watu hupita chini au juu. Vivuko vya mifugo inabidi vidaiwe kabla ya michoro kusainiwa, tena viwe pale ng'ombe wanapopita kwenda majini, maana kivuko kikiwekwa mbali na njia yao, uzio utakatwa.

Dereva naye hategemei taa za kando ya njia. Kwa kilomita 300 anapita mita 83 kila sekunde, kwa hiyo mwendo unaoruhusiwa huoneshwa mbele yake, na akizidisha, mtambo unashika breki wenyewe. Shinkansen ilikuwa na mfumo huo tangu siku ya kwanza, na hakuna abiria aliyekufa humo kwa treni kugongana au kuanguka. Lakini mtambo nao lazima ujengwe kwa hofu. Tarehe 23 Julai 2011, karibu na Wenzhou, China, radi iliharibu vifaa vya ishara, na kwa kosa la usanifu taa ikabaki kijani ilipopaswa kuwa nyekundu. Treni moja ikaigonga nyingine kwa nyuma, watu 40 wakafa. Kifaa cha ishara kikiharibika kinatakiwa kiseme "simama". Hilo halina mjadala.

Nafanya biashara ya nguo Mwanjelwa na mwezi ujao nakwenda China kwa mara ya kwanza. Nitashukia Guangzhou, kisha nataka kwenda Yiwu kwa treni. Nifanyeje nisipotee? — Mfanyabiashara, Mbeya

Dada, makosa mengi hutokea kwenye jina la stesheni, kwa hiyo tuanzie hapo. Mji mmoja wa China una stesheni kubwa kadhaa, na mwisho wa jina ndio unaozitofautisha: Bei ni kaskazini, Nan kusini, Dong mashariki, Xi magharibi. Stesheni ya Guangzhou yenyewe iko karibu na masoko ya nguo na Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi. Guangzhou Nan, yenye treni nyingi za kasi, iko Panyu, mbali kusini. Kuna pia Guangzhou Dong, na Guangzhou Baiyun iliyofunguliwa mwaka 2023. Soma tiketi, kisha mwoneshe dereva wa teksi jina kwa maandishi ya Kichina. Treni ya chini ya ardhi, njia ya 2, inaunganisha stesheni ya Guangzhou na Guangzhou Nan. Ondoka hotelini mapema, ufike stesheni angalau saa nzima kabla.

Tiketi hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na kwa kawaida huanza kuuzwa siku 15 kabla ya safari. Ukitumia programu ya shirika la reli, 12306, jisajili siku kadhaa mapema kwa sababu pasipoti ya mgeni huhakikiwa kwanza. Kosea herufi moja ya jina, unaweza kuzuiwa getini. Herufi ya mbele ya namba ya treni inakuambia aina yake: G ni ya kasi kabisa, D ya kasi ya wastani, C ya miji jirani, K, T na Z ni treni za kawaida, nafuu na za muda mrefu. Daraja la pili lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vyenye herufi A, B, C, D na F. Ukitaka dirisha, A au F. Jihadhari na tiketi isiyo na kiti: bei yake ni sawa na ya daraja la pili, na utasimama safari nzima.

Ukifika, kwanza unakaguliwa pasipoti, kisha mizigo inapita kwenye mashine. Kisu, hata cha matunda, kiache. Mizigo ya mkononi ni kilo 20 kwa mtu mzima, na kwenye treni za G, D na C urefu, upana na kimo cha kila begi vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Marobota ya nguo hayaendi huko. Yapeleke kwa wasafirishaji mizigo.

Halafu unakaa ukumbini, juu ya reli. Stesheni nyingi mpya zimepangwa hivyo: wanaoondoka juu, wanaowasili chini, wasigongane. Tafuta namba ya treni yako kwenye ubao, uone namba ya geti. Geti hufunguliwa dakika 15 hadi 20 kabla, na hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, aghalabu 5. Likishafungwa limefungwa, hata kama treni unaiona. Wachina hugusisha kitambulisho na kupita. Pasipoti yako mashine nyingine haitaisoma, kwa hiyo usipange foleni ya katikati, nenda pembeni penye mhudumu. Pasipoti ibaki mkononi, maana utaihitaji tena kutokea Yiwu.

Sisi wa Iringa mjini hatujawahi kuwa na reli. Ikija siku moja, wanasema stesheni za kisasa hujengwa nje ya mji. Huo si usumbufu? — Mwalimu, Kihesa

Ni usumbufu, na Asia imeupata sana. Njia iliyonyooka haiwezi kupinda kuufuata kila mji, na ardhi ya mjini ni ghali, kwa hiyo stesheni husogezwa nje. Stesheni ya Luang Prabang, Laos, iko zaidi ya kilomita 10 kutoka mji wa kale wanakokwenda watalii. Taiwan walifungua reli yao ya kasi mwaka 2007 na stesheni ya Tainan ikiwa mbali na mji. Reli ndogo ya kuiunganisha ilikuja mwaka 2011.

Mfano wa kufundisha zaidi ni Indonesia. Treni yao ya Whoosh, iliyoanza Oktoba 2023, inakwenda kilomita 350 kwa saa kwenye njia ya kilomita 142. Haianzii katikati ya Jakarta, inaanzia Halim. Inaishia Tegalluar, nje ya Bandung. Safari ya treni ni kama dakika 45. Lakini mtu wa katikati ya Bandung hushuka Padalarang na kupanda treni ndogo ya kumpeleka mjini, na mtu wa Jakarta ameshatumia muda kufika Halim. Treni ya zamani huchukua takriban saa tatu, ila inatoka katikati hadi katikati. Whoosh bado inashinda, na inashinda kwa sababu ile treni ndogo ya Padalarang inasubiri abiria. Iondoe, halafu uone.

Kwa Iringa, Mwalimu, tungeshauri madai yaanzie kwenye hesabu ya mlango hadi mlango. Daladala zitaingia hadi mlangoni, au zitaishia barabara kuu na abiria atembee nusu kilomita juani akiwa na gunia? Daladala ya mwisho itasubiri treni ya saa tano usiku? Na viwanja vya kuzunguka stesheni vipimwe kabla bei haijapanda. Shin-Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1964 ilizungukwa na mashamba. Leo ni mji, lakini ilichukua miongo kadhaa.

Ni kweli Wajapani wanasafisha treni nzima kwa dakika saba? — Mwanafunzi, Mafinga

Ni kweli, pale Tokyo. Treni ya mabehewa 16 ya kwenda Osaka ina viti zaidi ya 1,300, na kwenye saa za msongamano treni aina ya Nozomi pekee zinaweza kuwa 12 kwa saa, wakati njia hiyo ina majukwaa matatu tu yenye reli sita. Treni ikikaa sana jukwaani, iliyo nyuma yake haina pa kuingia. Kwenye njia za kwenda kaskazini, zinazoanzia hapohapo Tokyo, hesabu ni hii: treni ina dakika 12, abiria hushuka kwa 2, wapya hupanda kwa 3, zinabaki 7. Kwa kawaida mfanyakazi mmoja hushika behewa moja la daraja la kawaida, lenye viti kama 100. Anakusanya takataka, anageuza viti vyote vielekee treni inakokwenda, anafuta kila meza, anafagia, anaangalia kilichosahauliwa. Kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kundi zima linainama kwa heshima.

Kijana wangu haoni. Nimeona kwenye picha za stesheni za Asia vigae vya njano vyenye vinundu. Vinafanya kazi gani, na tunaweza kuviweka huku kwetu? — Mama wa Njombe

Mama, vigae hivyo vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na vya kwanza viliwekwa barabarani Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Viko vya aina mbili. Vyenye mistari mirefu vinasema "endelea upande huu"; vyenye vinundu vya duara vinasema "simama, kuna jambo mbele": ngazi, mlango, makutano au ukingo wa jukwaa. Kwenye majukwaa ya Japani vinundu huwekwa sentimita 80 au zaidi kutoka ukingoni, na siku hizi huongezwa mstari mmoja upande wa ndani, ili mtu ajue kwa mguu ni upande gani ulio salama.

Vinaweza kuwekwa huku bila shida, saruji na mchanga vinatosha. Vinaharibika kwa namna tatu. Fundi huvipanga kama mapambo, mistari ikaishia ukutani. Au huvipa rangi ya sakafu, wakati wengi wenye uoni hafifu bado wanaiona njano. Au wachuuzi na abiria huweka mizigo juu yake. Mfundishe kijana kwa fimbo na kwa soli nyembamba, aanze na kipande kifupi nyumbani: mistari hatua nne, vinundu, asimame, ageuke. Viatu vya soli nene vinafanya vinundu visisikike.